Mlima kwa Asilimia Hamsini

Jumatatu, 8 Julai

Mlango umenigonga mara nne leo. Miaka kumi na moja niko chumba cha ramani na meza yangu bado iko nyuma ya mlango. Anayeingia bila hodi ananigonga kiti. Anayepiga hodi ananigonga pia, ila kwa adabu. Lakini kuna habari njema! Mkuu wa chumba anastaafu mwisho wa wiki. Meza yake iko dirishani. Ina droo tatu na zote zinafunguka.

Tunaoitaka ni wawili, mimi na mpima ardhi wetu, tunayemwita Mpima tu. Ana vigimbi kama mitungi, anasalimia kila mtu, na kila mtu anampenda. Mimi simpendi.

Wakati wa chai Bosi, mama anayeongoza ofisi nzima, alisema kiangazi hakipiti bila yeye kupanda mlima. Aliuliza nani kati yetu amepanda ule mkubwa unaoonekana dirishani. Mpima akasema yeye alifika nusu, hewa ikawa nyepesi, akageuza. Nusu! Nikasema mimi nimefika kileleni mara tatu. Sijui mdomo uliitoa wapi hiyo tatu. Moja ingetosha.

Mama wa watu akafurahi kweli. Akasema twende Jumamosi, tupande na kushuka siku hiyo hiyo, na kiongozi niwe mimi, ila nitafute watu wanne wa kuandamana nasi. Akaongeza kwamba anayeweza kuongoza watu mlimani hashindwi kuongoza chumba. Alisema hivyo huku ananitazama mimi!

Nimemweleza mke wangu. Ameuliza mlima huo niliupanda lini, maana kuja nyumbani ghorofa ya pili huwa napumzika mara mbili. Akakumbusha kwamba njia ya mwongo ni fupi. Sijamjibu. Nilikuwa bado nahema.

Jumanne, 9 Julai

Balaa. Nilibandika ramani ya mlima ubaoni saa mbili asubuhi, hadi saa nne hakuna aliyejiandikisha. Katibu Muhtasi aliipima njia kwa shubiri, akasema ni ndefu mno na magoti yake si mali ya ofisi. Dereva alisema mahali gari lisipofika, na yeye hana shughuli huko.

Ndipo akili ikanijia. Mashine ya kopi iko mikononi mwangu, hakuna anayeijua kama mimi. Nikabandua ramani, nikaipunguza kwa asilimia hamsini, nikabandika kopi. Mlima mdogo, wa kupendeza! Na utamu wenyewe ni kwamba pale chini bado pameandikwa sentimita mbili ni kilometa moja. Mashine hupunguza karatasi, haisahihishi yaliyoandikwa. Kilometa kumi za kupanda zimekuwa tano bila mtu kutoka jasho.

Mistari ya mwinuko tu ndiyo iliyobanana karibu na kilele, ikawa doa jeusi. Katibu Muhtasi akauliza doa hilo ni nini. Nikasema msitu. Akauliza kama kuna kivuli. Nikasema kivuli tele. Akajiandikisha! Dereva naye, na dada wa mapokezi naye. Mpima aliitazama kopi kwa muda mrefu, akakuna kidevu, akasema mlima umekonda. Kisha naye akaandika jina. Wanne wametimia.

Jumatano, 10 Julai

Nimesoma kwamba hewa ya juu ni nyepesi, mwili huizoea polepole. Nikaamua kula chakula cha mchana kwenye paa la ofisi, juu ya ghorofa ya tano. Nilipanda ngazi na rimu tatu za karatasi mgongoni. Ghorofa ya tatu niliona nyota. Ya tano sikuona kitu.

Mlango wa paa ukajifunga nyuma yangu. Saa nzima na nusu juani! Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Nikaandika MSAADA kwenye karatasi, nikawa nazirusha moja moja, upepo ukazipeleka zote kwa jirani. Zote isipokuwa moja, na iliyobaki iliokotwa na Mpima. Ndiye aliyenifungulia. Akauliza nafanya nini huku. Nikasema nakagua tangi la maji. Akasema tangi liko chini, nyuma ya jengo. Hakucheka. Angecheka ningemsamehe.

Alhamisi, 11 Julai

Siku ya ratiba. Mpima ameiazima ramani halisi na kusaini daftari. Shauri yake. Mimi kopi ninayo mezani, inanitosha.

Nilikaa na rula nikapima kitaalamu, si kwa shubiri. Sentimita kumi. Kilometa tano tu! Nimejionea haya kwa kuuogopa mlima wa watu wiki nzima. Kwa hiyo tunaanza saa kumi na mbili asubuhi, saa moja na nusu tunapumzika msituni kivulini, saa mbili na nusu kileleni, saa nne na nusu tuko chini, kabla mawingu ya mchana hayajakusanyika. Maji ni chupa ya nusu lita kwa kila mtu, maana mzigo ni adui wa mpandaji.

Bosi ameisifu ratiba kwa unadhifu wake. Mpima akauliza kama nina hakika na umbali. Nikamwonyesha rula. Mpima mzima, hajui rula!

Ijumaa, 12 Julai

Shemeji ameniazima buti zake. Zinabana kidogo. Nimenunua chungu cha maua cha kuweka dirishani. Kujiandaa si dhambi.

Mke wangu alitaka nibebe koti na chakula. Nikamwambia chakula cha mchana nitakula hapa hapa. Akaichukua kopi, akaisogeza karibu na uso, akauliza mbona maandishi ni madogo hivi. Nikamwambia ni macho yake, umri unakwenda. Amenuna. Sijui nimekosea wapi.

Jumamosi, 13 Julai

Naandika miguu ikiwa kwenye beseni.

Saa mbili na nusu, saa ya kuwa kileleni, kilele kilikuwa kule kule kilikokuwa asubuhi. Nikasema saa yangu inakimbia. Saa tatu maji yakaisha. Saa nne tukafika msituni. Hapakuwa na msitu! Palikuwa na ukuta wa mawe umesimama wima, hata jani moja hapana. Katibu Muhtasi akauliza kivuli kiko wapi. Nikasema watu wameharibu sana mazingira.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Asilimia hamsini! Mimi mwenyewe, kwa kidole changu hiki, nilibonyeza kitufe. Katibu Muhtasi alikuwa ameketi juu ya jiwe, midomo imekauka, kichwa kinamuuma, analia bila sauti. Mawingu yalianza kunguruma. Niliogopa, na kwa mara ya kwanza wiki hii sikuogopa kwa ajili ya meza. Bosi akauliza umebaki umbali gani. Nilitaka kusema kweli. Nikasema tumekaribia.

Mpima akafungua mkoba wake. Akatoa lita sita za maji, alizozibeba kimya kimya tangu alfajiri. Kisha akatoa ramani halisi, akaitandaza juu ya jiwe, akaweka kopi yangu juu yake. Ilifunika robo tu. Akasema alishangaa tangu Jumanne, ila yeye ni nani hata abishane na mtu aliyefika kileleni mara tatu.

Bosi alinitazama. Kisha akaikunja kopi yangu na kunirudishia, na hilo liliuma kuliko buti za shemeji.

Tulishuka kwenye mvua. Mpima mbele, amemshika Katibu Muhtasi mkono, na mkoba wangu begani mwake. Nilimwomba anirudishie mkoba. Alikataa kwa upole! Tumefika garini saa tisa. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Wahenga hawakuwahi kuipanda.

Jumatatu, 15 Julai

Mlango umenigonga mara sita. Mara mbili ni Mpima akihamisha vitu vyake kwenda dirishani. Nimempa kile chungu cha maua, maana nyuma ya mlango hakuna pa kukiweka. Alishukuru kwa moyo, nikakaribia kumpenda.

Bosi amenikabidhi mhuri wa mpira unaosema USIPIME KWENYE KOPI. Kila kopi inayotoka kwangu lazima niigonge mhuri huo, kuanzia leo mpaka nitakapostaafu. Katibu Muhtasi hanisalimii. Asubuhi nilimwomba mke wangu radhi kwa yale ya macho, na nikaapa sitadanganya tena. Aliniuliza kama naapa kwa dhati. Niliapa kwa dhati. Nilikuwa na machozi kabisa.

Wakati wa chai Bosi akasema mlima haukumkatisha tamaa. Mwezi ujao anataka kulivuka ziwa kwa kuogelea. Akasema pia kwamba mkuu wa bohari anahama. Nimeiona meza ya bohari. Madirisha mawili! Akauliza nani hapa ameshalivuka ziwa.

Hakuna aliyeinua mkono. Hata Mpima alitazama chini.

Nikasema nimelivuka mara mbili. Mbili, si tatu. Makosa hufunza.

Saa tisa nilitoa ramani ya ziwa kabatini na kuwasha mashine. Kwa asilimia ishirini na tano ni ziwa dogo, la kupendeza. Nikaigonga kopi mhuri kama nilivyoagizwa, kwa nyuma, na kuibandika ubaoni.