Kutani au Vitini

Jumatatu, 3 Machi

Hili sijamwambia mtu tangu nizaliwe: nikimwona mtu ninayepaswa kumsalimia anakuja, huinama nikajifanya nafunga kamba za viatu. Viatu vyangu havina kamba. Mama huvileta kutoka kiwandani kwao, vya kutumbukiza tu. Kwa hiyo hubaki nimekishika kiatu kama mtu anayekibembeleza. Hakuna aliyewahi kuuliza. Ama watu wana adabu, ama wanadhani nina maradhi.

Si kiburi. Salamu yenyewe naiweza. Tatizo ni mkia wake. Hujambo, sijambo. Halafu? Mama hajambo? Hajambo. Baba je? Na masomo? Na mdogo wako, bado mtundu? Wakati huo shujaa wa kitabu ninachosoma nimemwacha ananing'inia kwenye mwamba!

Naandika haya leo kwa sababu tunanunua nyumba. Mama kachoka. Kazi yake ni kukagua viatu: anavaa vipya, anapanda na kushuka ngazi za mbao siku nzima, anasikiliza kama vinabana, vinalia au vinaachia soli. Kisha mabasi mawili hadi nyumbani. Jana alisinzia na kijiko mdomoni. Baba alikichomoa polepole, kama mwizi. Baba ni fundi cherehani, anashonea sebuleni. Kwake popote ni sawa mradi kuna dirisha.

Dalali ameleta nyumba mbili, zote upande wa kiwanda. Huyu dalali husifu hadi nyufa. Anasema zinaingiza hewa. Nyumba ya kwanza iko mtaa wa kuta ndefu na mageti, barabarani hapiti hata paka. Ya pili iko mtaa wa milango wazi, kila nyumba imetoa viti nje na kila kiti kina mtu. Nyumbani tumeshazipa majina: Kutani na Vitini.

Mimi Kutani! Kutani au kifo.

Mdogo wangu wa kiume anataka Vitini. Tunamwita Spika, na ukimsikia mara moja huulizi sababu. Ameshawahesabu watoto wenye mpira.

Mama anasema kiatu hakinunuliwi kwa macho. Jumamosi tutashinda Kutani, Jumapili Vitini, kama wenyeji kabisa. Kisha ataamua yeye, maana miguu ni yake. Nina wiki moja.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata mpango. Vitini lazima paonekane pabaya, na ubaya uwe na ushahidi. Kwenye maktaba ya shule kuna kitabu kinene kuhusu ujenzi wa miji. Kinasema mwenye kuchagua makazi apime kelele, maji taka na majirani. Neno majirani nimelipigia mstari kichwani.

Nitakwenda kesho baada ya shule. Nitatazama kwa mbali. Sitasema na mtu.

Spika ameniuliza mbona nacheka peke yangu. Nimemwambia nasoma hesabu. Ameamini! Kichwa cha nazi.

Jumatano, 5 Machi

Mambo yameharibika, kisha yametengenea, kisha sijui.

Nilisimama nyuma ya nguzo ya umeme. Nguzo ni nyembamba kuliko nilivyodhani. Bibi mmoja aliyekaa kwenye kona aliniita akaniuliza ile nguzo nimeikumbatia ya nini, au inataka kuanguka. Nikainama kwenye kiatu. Akauliza kama kiatu nacho kinaumwa.

Kisha likaja swali ninaloliogopa kuliko mtihani: mimi ni mtoto wa nani. Ulimi ukanisaliti. Nikasema nafanya utafiti. Utafiti wa nini? Wa kero za mtaa.

Laiti ningesema nauza chumvi! Bibi alipiga kofi moja, wakatoka watu kama siafu. Hajapata kuulizwa kero zake tangu aolewe, alisema, na amekuwa akizihifadhi. Kero ya kwanza ni jogoo wa fundi baiskeli, asiyejua alfajiri na adhuhuri. Ya pili ni redio ya fundi baiskeli. Ya tatu ni fundi baiskeli. Fundi mwenyewe alikuwa pale pale, spana mkononi. Akaomba iandikwe kwamba jogoo wake hulia mara chache kuliko Bibi. Wakacheka wote, Bibi akicheka kuliko wote, akamwambia mjukuu wangu wewe utazikwa na mdomo wako.

Halafu mtaro. Hapo walikubaliana kwa sauti moja. Umeziba, unanuka, mbu wanazaliana.

Nimesalimia watu wengi kuliko mwaka jana mzima. Shikamoo zimenikausha koo. Lakini nimerudi na ushahidi wa kutosha kuangamiza mtaa! Jogoo, redio, mtaro. Jumapili Mama atavuta pumzi moja tu na biashara itaisha.

Ijumaa, 7 Machi

Nilikwenda kuhakikisha mtaro bado unanuka.

Haunuki. Wamezibua!

Bibi wa Kona alinieleza kwa furaha. Walikaa wakafikiri: mtoto wa shule haji tu na maswali, lazima katumwa na wakubwa. Na wakubwa wakituma mtoto leo, wenyewe watafuata kesho. Basi wakatoka jana na majembe, wanaume kwa wanawake. Mtaro sasa unapitisha maji mpaka unaimba. Jogoo kahamishiwa kwa shemeji yake fundi baiskeli, mtaa wa tatu. Redio ipo, lakini fundi ameipunguza hadi Bibi analalamika hasikii taarifa ya habari.

Nilijaribu kusema sikutumwa na mtu. Bibi akanikonyeza. Akasema waliotumwa ndivyo wanavyosema.

Wamenipa jina. Mwandishi. Watoto walinisindikiza mpaka kituoni wakiliimba.

Mpango mpya: hakuna. Imebaki kumtegemea Mama na uzuri wa Kutani.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya Kutani. Peponi!

Dalali alitufungulia, akasifu kimya kama yeye ndiye aliyekitengeneza, akaondoka. Tukashinda pale kama wenyeji. Mimi nilikaa kibarazani nikasoma kurasa bila kukatizwa hata na nzi. Shujaa ameshuka kwenye mwamba.

Wengine hawakuwa na siku yangu. Baba alikwenda kuomba chumvi jirani, kwa majaribio. Alibonyeza kengele. Sauti kutoka ukutani ikamuuliza katumwa na nani. Akasema na chumvi. Sauti ikanyamaza. Alibonyeza tena, mbwa wakajibu. Amerudi akasema mbwa angalau wameitikia salamu.

Spika alirusha mpira ukavuka ukuta. Haujarudi. Alipaza sauti kuuomba, na sauti yake mnaijua, lakini ukuta ni ukuta.

Mama alivaa viatu vyake vya kazini akaenda kupima njia ya kiwandani. Kutoka ghorofani unaliona bomba la moshi la kiwanda hapo, kama unaweza kulishika. Tulimsubiri. Tukasubiri sana. Kumbe ukuta mkubwa unazunguka mtaa mzima na una lango moja tu, nalo liko upande wa pili. Alirudi akichechemea, kisigino kimechubuka. Kukichubua kisigino kile si mchezo, kimekomazwa kazini.

Aliuliza hapa mtu akizidiwa ghafla tutamwita nani. Nikasema hatutazidiwa, tutakuwa tumetulia tukisoma. Baba alicheka mpaka akaishika meza. Mama hakucheka. Alinitazama, akatazama kitabu changu, akasema hapa pamenifaa, au siyo? Nikasema sana. Akaitikia kwa kichwa taratibu, akaanza kukisugua kisigino.

Naona nimeshinda.

Jumapili, 9 Machi

Nilivaa kofia ya Baba, ile pana, nikaishusha mpaka puani. Sikuona njia, nikamkanyaga Spika mara kadhaa. Anastahili.

Hatujafika hata kwenye kona. Bibi akapiga yowe: Mwandishi huyo! Nyuma yake fundi baiskeli: Mwandishi, mbona umejificha chini ya sufuria? Watoto mbio. Wamama na mikono ya sabuni. Kila mtu ananijua! Kila mtu ananiuliza kama nimeuona mtaro!

Mama alisimama kama mtu aliyemwaga maziwa. Baba aliniuliza kwa kunong'ona huyo Mwandishi ni nani. Nikamwambia sijui. Spika, kwa mara ya kwanza maishani mwake, alikosa la kusema. Hilo peke yake lilinifariji.

Tukapewa viti. Mama akaenda kiwandani na kurudi kabla chai yake haijapoa. Alivua viatu. Akakaa kwenye kiti cha Bibi wa Kona kusikiliza habari za jogoo, na katikati ya habari akalala. Mchana kweupe, mdomo wazi, jua miguuni. Sikuwahi kumwona Mama amelala mchana. Bibi akashusha sauti, akaendelea kumsimulia vivyo hivyo, ili asishtuke kwa ukimya.

Jioni tukisubiri basi Mama alinivuta pembeni. Akaniambia jana alikuwa ameshaamua. Kutani. Kwa ajili yangu. Alijua tangu nilipokuwa mdogo kwamba watu hunichosha, na kwamba huko angalau ningekaa kwa raha. Kuzunguka ukuta yeye angezoea, miguu ndiyo kazi yake. Lakini leo kaona mtaa mzima unaniita. Kumbe mwanangu una watu, alisema. Kumbe nilikuwa sikujui. Kisha akaniuliza nimwambie kweli, mimi nataka wapi. Lolote nitakalosema, ndilo.

Ndilo! Neno moja tu, Kutani, herufi sita! Nilifungua mdomo. Nikaona plasta kwenye kisigino chake, imeshajikunja pembeni.

Nikasema Vitini ni pazuri.

Sijui nani alisema. Sauti ilikuwa yangu. Mama alinishika bega na hakuliachia mpaka basi likaja.

Nimefikiri sana, na sababu nimeipata. Kituoni palikuwa na watu. Mimi siwezi kujadiliana mambo mazito mbele za watu. Tungekuwa Kutani, ningesema.

Jumamosi, 10 Mei

Tumehamia. Mama siku hizi anakuja kula mchana nyumbani, na jioni anamcheka Spika mpaka machozi. Baba kapata dirisha, na dirisha limemletea wateja. Wanampa vitambaa kupitia hapo hapo. Spika ni nahodha wa kitu fulani.

Mimi nasalimiwa. Kutoka mlangoni hadi dukani ni safari ya kupoteza nusu ya ujana. Lakini sikukata tamaa. Usiku wa jana nilibuni mpango, na huu hauna kasoro: nimepoteza sauti. Daktari kaniamuru nisiseme neno hadi mwisho wa mwezi. Nilimpa Spika kazi ya kutangaza, na kwa hilo kweli hana mpinzani.

Kabla ya saa nne mtaa mzima ulikuwa sebuleni kwetu. Bibi wa Kona kaleta tangawizi. Fundi baiskeli kaleta asali na kuomba radhi, eti labda ni vumbi la karakana yake. Mgonjwa haachwi peke yake, kwa hiyo walikaa. Na kwa kuwa mimi siwezi kusema, walisema wao, kwa zamu, wakiniinamia mpaka sikioni. Sikupata hata ukurasa mmoja.

Hapo ndipo nilipoliona kosa. Halikuwa la mpango, lilikuwa la kiungo. Sauti haina maana. Nilipaswa kupoteza masikio! Asiyesikia hasimuliwi. Walipoondoka nikatafuta pamba ya kutia masikioni, ili watu waione kwa macho yao. Nyumbani hamna. Baba ana vitambaa vya kila rangi, lakini pamba hana, hata ya dawa.

Nikavaa viatu, nikavuka njia hadi kwa Bibi wa Kona. Nikapiga hodi kwa sauti kubwa, nikamsalimia, nikaomba pamba. Akasema sauti imerudi, Mungu mkubwa, akanivutia kiti. Nikakaa. Akanipa pamba, kisha akaanza kunisimulia jogoo alivyotoroka kwa shemeji na kurudi kwa miguu yake mwenyewe. Nilirudi nyumbani giza limeingia. Pamba nimeiweka chini ya mto. Uziwi unaanza kesho.