Keraryo Kwenye Jalada

Jumatatu, 8 Septemba

Dotto, mpiga chapa wangu wa Bunda, kapiga simu. Riwaya iko tayari, anataka jina la kuweka kwenye jalada kufikia Ijumaa. Nikamwambia analo. Akacheka. Anasema Boniphace Clementi ni jina la mweka hazina wa kigango, msomaji atadhani ni kitabu cha sala.

Nimekasirika mchana kutwa. Hasira ya haki! Nimeandika makala za kutetea utu wa Mwafrika hadi wahariri wakaacha kupokea simu zangu. Kumbe mwenyewe natembea na watakatifu wawili wa Ulaya mgongoni. Faustine, mwandishi mpinzani wangu, siku hizi anajiita Mwana Ziwa. Hajui hata kuogelea. Lakini shule zinamwalika.

Uamuzi: kuanzia leo mimi ni Keraryo. Jina la babu mzaa baba, wa Butiama. Ng'ombe wengi, maneno machache. Mke wangu Jenipher kauliza kama na kitambulisho kitabadilika au ni hasira tu. Keraryo hajibu.

Jumanne, 9

Nimetangaza kwenye kundi la ukoo la WhatsApp. Waraka mrefu juu ya ukoloni wa majina. Hakuna aliyeusoma. Shangazi Marieta pekee ndiye aliyetuma sauti kutoka Kiriba, akiuliza swali moja: Keraryo alinijia lini?

Hapo nikateleza. Kwetu jina la marehemu halichukuliwi kama shati kwenye kamba. Marehemu mwenyewe huja ndotoni kulileta. Nikaandika kwamba alinijia Jumapili alfajiri, na fimbo mkononi. Hiyo fimbo ilikuja yenyewe, kama vitu vinavyotujia sisi wabunifu.

Kundi likajaa vigelegele. Nimelala mshindi.

Jumatano, 10

Shangazi kashuka mlangoni kwa bodaboda, kuku kwapani. Ana miaka themanini na kitu. Nikainama kumwamkia. Akaniwahi: "Shikamoo, baba."

Kwake mimi sasa ni Keraryo, baba yake. Nikaitikia marahaba. Ningefanyaje? Akakataa kiti, akaketi kwenye mkeka kama msichana. Jenipher akaenda kucheka jikoni.

Akauliza kama ndotoni Keraryo alimtaja. Kisha akaeleza yote. Alimpenda Samwel, mvuvi wa Kiriba, mtu wa sato, hana hata ndama. Keraryo akagoma kumbariki. Akafa hajamsemesha. Samwel naye kazikwa mwaka juzi. Shangazi anasema amezaa, amelea, amezeeka, na bado anajiona mtu aliyetoroka nyumbani.

"Baba, bado umenuna?"

Nina maoni juu ya kila jambo hapa duniani. Hapo niliyaweka kando. Nikaomba maji, nikachukua funda, nikamtemea kifuani kama wazee wanavyofanyaga wakibariki. Nikamwambia Samwel alikuwa mkwe mzuri, kosa lilikuwa langu. Akalia kimya, kanishika mguu. Nami nikalia. Jenipher alisimama mlangoni na sufuria yake, hacheki tena.

Alhamisi, 11

Asubuhi nikamwonyesha shangazi jalada alilotuma Dotto kwenye simu. KERARYO, herufi nyekundu. Akauliza kitabu kinahusu nini. Diwani anayeiba mabati ya zahanati, nikasema. Akauliza diwani wa kata gani. Nikasema hayupo, nimemtunga.

Akanirudishia simu. "Baba, wewe si ulikuwaga hutaki hata mtu aongeze chumvi kwenye habari? Leo unaweka jina lako juu ya uongo?"

Nikaanza kumweleza kwamba ubunifu ni ukweli wa juu zaidi. Nina mhadhara mzima juu ya hilo. Nikamtazama usoni, mhadhara ukaniishia. Nikibishana naye sana atajua yote: hakuna ndoto, hakuna Keraryo, hakuna baraka. Na ni jana tu amemaliza kununiwa. Nikasema ni kweli, baba yake amekosea tena.

Ameondoka anaimba. Kuku kaacha.

Ijumaa, 12

Bunda. Nikamwambia Dotto aandike Boniphace Clementi, yaishe. Anasema parokiani kitauzika. Faustine alikuwepo, anachapisha kadi zake za Mwana Ziwa. Akanipa pole kwa jina langu. Pole!

Njiani kurudi Musoma nimetafakari. Kosa liko wazi: nilichukua babu mkweli. Mwandishi wa hadithi anahitaji babu mwongo! Upande wa mama alikuwepo Mniko, aliyeuza ng'ombe mmoja kwa watu wawili kwenye mnada mmoja, na wote wakamshukuru. Nimempigia Dotto asimamishe mashine. Nimewaandikia wajomba kwamba Mniko kanijia, anacheka.

Wamejibu upesi mno. Wanakuja wote Jumapili kumpokea baba yao. Na mjane wake mdogo bado yu hai, anakuja pia. Kuna jambo Mniko alimwahidi siku ya mwisho, anataka kulisikia tena kutoka kinywani mwa mumewe.

Jenipher anauliza ni jambo gani. Sijui. Nitaota.