Nimemuua Baba Mkwe kwa Kompyuta

Jamani, leo nimeadhirika. Nimeadhirika mbele ya baba mzazi wa mke wangu, na foleni nzima ya wagonjwa wa presha ikishuhudia.

Kazi yangu mnaijua. Mimi ndiye mtu wa kompyuta katika kituo chetu cha afya hapa Malangali. Mwaka mzima tumehangaika na hii habari ya mifumo kusomana, yaani mgonjwa akitibiwa kwetu, taarifa zake zionekane hospitali kubwa bila yeye kubeba bahasha. Tumefundishwa viwango vya kutumiana taarifa, tumekula chapati za semina, tumepiga picha za pamoja. Mfumo wetu unatuma, wa hospitali umekaa kimya, kama mke na mume walionuniana.

Asubuhi nikaambiwa nijaribu tena. Mgonjwa akitoka kituoni, mfumo unataka jibu moja kati ya matatu: ameruhusiwa, amepewa rufaa, au amefariki. Yote lazima yajaribiwe. Nikaweka majina ya kubuni, ukayakataa. Unataka namba ya kadi ya bima. Namba pekee ninayoijua kwa kichwa ni ya baba mkwe, mzee Nikodemu wa Kasense, maana mimi ndiye ninayemshughulikia bima yake. Nikamruhusu, ukakubali. Nikampa rufaa, ukakubali. Nikamfisha. (Nilijua hakuna kinachofika. Tangu lini kimefika?) Nikaenda kunywa chai.

Kumbe kwenye kundi letu la WhatsApp kulikuwa na tangazo tangu jana jioni: mifumo imeunganishwa kweli, marufuku kujaribu kwa majina ya watu halisi. Kundi hilo nililizima sauti zamani kwa sababu ya watu wanaotuma maua ya asubuhi njema.

Kabla ya mchana akanipigia Veronika, dada wa dirisha la kadi kule hospitali.

"Njoo haraka. Kuna mzee hapa, mfumo unasema ni marehemu, na hataki kuondoka."

Nisiwafiche, nilifurahi. Mifumo imesomana! Halafu kuna mtu amekosea, na mimi ndiye ninayeitwa kuokoa. Nikavaa kitambulisho shingoni, nikapanda bodaboda. Kufika, sikutazama hata benchi. Nilisimama dirishani na kupaza sauti ili mganga wa zamu anisikie.

"Huu ndio uzembe ninaoupigia kelele kila siku. Uzuri wa viwango hivi, kila taarifa inakuja na jina la aliyeituma. Fungua, Veronika, tumjue hapa hapa."

(Hapa ndipo mtu mwenye akili angenyamaza.)

Nyuma yangu nikasikia, "Ni wewe, mkwe?"

Nikageuka. Mzee Nikodemu, ndani ya koti lake zito, ameshika pakiti tupu ya vidonge.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Afadhali umekuja. Waambie hawa kwamba sijafa. Dawa zimeniisha juzi, kichwa kinanigonga tangu jana, na huyu binti ananipa pole."

Nikainama dirishani, nikanong'ona, "Veronika, acha, usifungue." Alikuwa ameshafungua. Na Veronika ni wale watu ambao hawawezi kusoma kimya.

"Imetoka kituo cha afya, leo asubuhi. Aliyetuma ni..." Akanitazama. Akafunga mdomo.

"Soma basi, dada," akasema mama mmoja wa Kisukuma kwenye foleni, mtoto mgongoni. "Si amesema tumjue?"

Akasoma. Jina langu, la baba yangu, na la babu yangu ambaye hata kompyuta hakuwahi kuiona.

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniumiza. Mzee Nikodemu akaniuliza kwa upole kabisa, "Mkwe, nimekukosea nini?"

Nikaanza kueleza. Jaribio, namba, viwango, mifumo. Kila nikieleza nazidi kuzama.

"Kwa hiyo ulikuwa unatafuta mtu wa kufa," akasema, "ukaniona mimi."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mganga akatoka, akampima. Presha ilikuwa juu, tena juu ya kutisha. Akachana karatasi, akaandika dawa kwa kalamu kama zamani, mzee akapewa vidonge akameza pale pale. Angekuwa mganga wa kutii kioo cha kompyuta, baba wa mke wangu Skola angerudishwa Kasense na kichwa chake hicho, na mimi ningekuwa kituoni nimemaliza chai. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Halafu ikabidi nimwambie lililobaki. Kifo kilichokwisha kutumwa hakifutiki kwa kidole. Kinaombewa kibali ngazi za juu, na majibu hayatoki leo.

"Kwa hiyo mpaka majibu yatoke mimi ni marehemu?"

"Kwenye mfumo tu, baba."

Akakaa kwenye benchi, akafunga vifungo vya koti polepole. Kichwa kilikuwa kimeanza kumwachia, nadhani, maana macho yalianza kuchangamka.

"Basi unajua taratibu. Mkwe haji kwenye msiba wa baba mkwe mikono mitupu. Anakuja na mbuzi."

"Lakini baba, uko hai."

"Hilo kaiambie kompyuta yako."

Foleni ndipo ilipocheka. Mganga naye. Veronika alijifuta machozi kwa kanga.

Nimerudi nyumbani, habari zimenitangulia; Skola amenifungulia mlango, akaenda kulala chumba cha watoto. Kesho asubuhi tunakwenda Muze kutafuta mbuzi. Nasema tunakwenda kwa sababu marehemu anataka kumchagua mwenyewe. Kwa hiyo ndugu zangu, rambirambi napokea, vicheko pelekeni kwingine.