Rojo Langu na Rojo la Mizani

Jumatatu, 3 Machi
Profesa ametangaza. Mkuu wa chumba cha marojo atapatikana kwa mashindano! Maabarani tuko wawili tu: mimi na Mizani, dada anayepima hata chumvi ya yai lake la mchana. Kila mmoja atengeneze rojo la kulishia seli za mzizi wetu wa dawa. Wiki tatu. Seli zitakazotoa dawa nyingi ndizo zitakazompa mwenyewe ukuu. Atakayeshindwa ataosha chupa.
Mimi niwe muosha chupa! Baada ya miaka tisa! Tena mama mkwe nilishamwambia ukuu nimepewa. Alipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza anaolewa nani.

Jumanne, 4 Machi
Rojo langu tayari. Sukari mara mbili, vitamini bila uchoyo, maji ya dafu juu yake. Mizani akachungulia, akauliza dafu kiasi gani. Nikamjibu kwamba mpishi hodari hapimi. Akaandika kitu daftarini. Huyu naye na daftari lake!

Alhamisi, 6 Machi
Shetani kanipitia, nami sikumfukuza. Mizani alitoka kunywa chai kabla ya kuchanganya rojo lake. Chupa yake ya nitrati, ambayo kwa seli ni kama maharage kwetu, iko mezani peke yake. Nikamwaga kiasi, nikajazia maji. Aliporudi alinikuta napiga mluzi. Akasema leo nimeamka vizuri.

Jumatatu, 24 Machi
Seli zangu nono, nyeupe, zimejaa chupa. Za Mizani zimekonda na kugeuka kahawia. Maskini. Nimempa pole mpaka nikajiona mtu mwema. Mama mkwe amenishonea koti jeupe, kifuani ametarizi MKUU.

Ijumaa, 28 Machi
Mungu wangu! Mashine imepima. Zangu unene mtupu, dawa chembe tu. Zake dawa mara sita! Profesa akaeleza kwamba seli ikishiba sana hubweteka. Ikipata dhiki ndipo hutengeneza dawa ya kujilinda. Basi Mizani mkuu, mimi sinki. Nimempikia ukuu kwa mikono yangu mwenyewe!
Mama mkwe hupenda kusema mchimba kisima huingia mwenyewe. Sijui huwa anamsema nani.

Jumatatu, 28 Aprili
Mizani amerudia jaribio, neno kwa neno kama daftari lake linavyosema. Dawa kiduchu. Profesa anafoka, wageni waliotununulia mashine wanakuja Ijumaa kuona maajabu. Nimemkuta Mizani stoo analia. Nikamhurumia, kweli kabisa.
Halafu nikashtuka. Siri ninayo mimi! Sasa mgunduzi ni nani hapa?

Jumanne, 29 Aprili
Nimevaa koti la mama mkwe, nikaingia kwa Profesa kifua mbele. Mizani naye alikuwepo. Nikaungama: ni mimi niliyepunguza nitrati. Profesa akasimama. Nikanyoosha mkono wa kupongezwa. Akauliza nilimwaga kiasi gani. Nikasema, kiasi tu. Robo? Nusu? Nikasema nilikadiria kwa macho.
Profesa akakaa, akashika kichwa. Mizani hakunitukana. Alisema polepole kwamba yote angenisamehe, laiti ningepima. Hilo limeniuma kuliko barua ya onyo niliyopewa na Profesa.

Jumatano, 30 Aprili
Nyumbani nimesema nimehamishiwa ukuu wa kitengo cha maji. Si uongo, sinki lina mabomba mawili. Mama mkwe amepiga vigelegele tena.
Mizani amepanga chupa kumi mezani, kila moja na nitrati yake, anatafuta kile kiasi changu. Macho yamemvimba kwa kukosa usingizi. Nikaona huyu dada lazima nimsaidie. Alipotoka kunywa chai nikapitia chupa zote kumi, nikaziongezea maji.
Kiasi gani? Aa, kidogo tu.