Mtetemo wa Lori la Vioo

Jumatatu, 4 Machi

Nafasi ya fundi mkuu iko wazi. Mzee aliyekuwa nayo amestaafu, kaenda kufuga nyuki, na ameacha nyuma chumba chenye feni, kiti kinachozunguka na mlango wenye kitasa. Sisi wengine hatuna kitasa. Tunabadilisha ovaroli nyuma ya rundo la matairi.

Mama Gereji, mwenye karakana, katuita mimi na Shemeji. Shemeji ni kaka wa mke wangu. Ni fundi kama mimi, ila yeye hufikiri kwanza ndipo ashike spana. Tabia inayochosha sana kuitazama. Mama Gereji kasema hataki majungu. Limeingia lori lenye ugonjwa usioeleweka, na atakayeliponya ndiye atakayekalia kile kiti.

Lori ni la Mama Vioo, muuza vioo. Gia zake ni otomatiki, zinajibadilisha zenyewe, dereva hana klachi ya kukanyaga. Anasema likibadilisha gia hutetemeka kama mtu aliyemwagiwa maji baridi mgongoni. Lakini si kila mara. Asubuhi nzima linaweza kutulia, halafu gubu-gubu-gubu, kioo cha watu kimepasuka. Jumamosi anapeleka vioo vya madirisha ya ukumbi mpya wa shule. Vilikatwa kwa vipimo maalumu. Vikipasuka njiani hana vingine, na hiyo kazi atapewa mwenzake.

Nikaliendesha mwenyewe, kupanda na kushuka mtaa. Limetulia kama maji ya mtungini. Nikarudi nikamwambia Mama Vioo lori ni zima, pengine tatizo ni mguu wake mzito. Akajibu kwamba mguu huo ulianza kuendesha malori kabla mimi sijajua kufunga viatu. Kisha akatazama viatu vyangu. Kamba zilikuwa wazi.

Jumanne, 5 Machi

Mpango umeiva. Karakana ina kompyuta moja tu ya kupimia magari, ile unayoichomeka chini ya usukani ikakusomea hitilafu. Asiye nayo ni kipofu. Nimefika mapema nikaificha ndani ya kabati langu, chini ya ovaroli chafu ambazo hakuna mwenye akili timamu atakayezigusa.

Shemeji kaitafuta hadi juu ya tangi la maji. Nami nikamsaidia kutafuta, kwa huruma.

Alipokwenda kunywa chai nikaichomeka kwenye lori. Ikawaza, ikawaza, ikaandika kwamba hakuna hitilafu yoyote. Nikaichomoa na kuichomeka tena. Hakuna hitilafu. Kumbe nimeficha kitu kisichojua lolote.

Kwa kukosa kompyuta, Shemeji akaingia chini ya lori akapima mafuta ya gia. Yamezeeka, meusi kama kahawa. Kayamwaga, kabadilisha chujio pia, kaweka mapya. Akalijaribu mtaani. Halitetemeki. Mama Gereji kampigia makofi mbele ya watu. Mimi nimepiga pia, lakini kwa vidole tu.

Jioni mke wangu kanikuta nimeinamia sahani sili. Kaniuliza nani kafa. Nikamwambia kaka yake anaelekea kupata cheo. Akasema hizo ni habari njema. Huyu ndiye mwanamke niliyemuoa.

Jumatano, 6 Machi

Mtetemo umerudi. Mama Vioo alikuwa anapeleka kioo kirefu kwa fundi cherehani, lori likiwa limejaa, na pale kwenye mlima wa posta lori likatikisika na kioo kikagawanyika mara mbili. Fundi cherehani kamwambia atakichukua hivyo hivyo akimletea na wateja wenye nusu mwili.

Nilisikitika sana usoni. Moyoni nilikuwa kama bwana harusi.

Nikasimama mbele ya Mama Gereji nikatangaza kwamba kosa lilikuwa kuangalia gia. Gia ni mgonjwa wa bandia. Mgonjwa halisi ni injini, hasa nozeli zinazorusha mafuta, na mimi nilijua tangu Jumatatu ila nilitaka kumpa mwenzangu nafasi. Shemeji kaniuliza mbona injini haina tatizo lori likisimama. Nikamwambia hilo ni swali la wanaoanza kazi.

Nikazifungua nozeli, nikazisafisha hadi zikang'aa, nikazirudisha. Nikawasha. Lori likatetemeka limesimama. Likatetemeka likienda. Likatetemeka hata baada ya kuzimwa, au labda huyo alikuwa mimi.

Kumbe kuna soketi moja ya umeme nilisahau kuichomeka. Shemeji kaichomeka, akanirudishia bisibisi yangu kwa mikono miwili, na adabu hiyo iliniuma kuliko matusi. Mama Gereji alisema nimepiga hatua, maana ugonjwa uliokuwa wa vipindi nimeufanya wa kudumu.

Nikasikia Shemeji akimnong'oneza Mama Vioo. Alisema sisi wote tumekuwa tukilijaribu lori likiwa tupu, na vioo vinapasuka likiwa na mzigo. Kesho atapanda naye, lori limepakiwa, wafuate njia yake ya kila siku.

Hoja nzuri. Kwa hiyo nitaichukua.

Alhamisi, 7 Machi

Naandika nikiwa nimelalia tumbo, kwa sababu zitakazoonekana.

Vioo husafirishwa vikiwa vimesimama kwenye fremu za mbao, vimefungwa kwa mablanketi mazito. Asubuhi, kabla hawajaondoka dukani kwa Mama Vioo, nilipanda nyuma ya lori, nikajilaza sakafuni karibu na kabini, nikajifunika blanketi moja. Nia yangu ilikuwa kusikia Shemeji atagundua nini ili nigundue mimi kwanza. Si wizi. Ni kusikiliza kwa bidii.

Sikusikia neno lao hata moja. Injini inapiga kelele. Lakini tulipoanza kupanda mlima wa posta, Mama Vioo akikanyaga mafuta polepole, gia ikabadilika, na chini ya mbavu zangu kitu kikagonga. Gubu. Si mbele kwenye injini. Si nyuma kwenye ekseli. Hapa hapa, chini ya kitovu. Gia nyingine, gubu-gubu. Nikahamisha ubavu. Gubu lilikuwa palepale. Waliposhusha vioo vya kwanza mzigo ukapungua, na kugonga nako kukapungua. Ndipo nikaelewa. Giaboksi imeshikiliwa kwenye chesisi, uti wa mgongo wa lori, na mpira mnene. Mpira huo umechanika. Mzigo ukiwa mwingi na lori likivuta, giaboksi inainuka na kugonga. Likiwa tupu, ufa unajifunga, nasi tunaonekana wajinga.

Waliosema mtaka cha mvunguni sharti ainame hawakufika mbali. Mimi nililala kabisa.

Furaha hiyo ilidumu hadi kituo cha pili. Lori likasimama, nikasikia sauti ya mwanamke akisema kioo chake kishushwe taratibu maana ukuta tayari umepigwa rangi. Nikaitambua ile sauti. Ninaisikia kila siku ikiniambia nifute miguu. Mke wangu ana saluni ya nywele, na kwa muda mrefu alitaka kioo kipya cha ukutani. Hakuniambia kwamba ni leo. Au aliniambia na sikuwa nasikiliza.

Akapanda mwenyewe kuonyesha kioo chake ni kipi. Akafunua blanketi. Tukatazamana. Pembeni yangu kilisimama kioo, kwa hiyo aliwaona waume wawili, wote wamelala ubavu na vumbi puani.

Shemeji akauliza kutoka chini kama kioo ndicho hicho.

Mke wangu akanirudishia blanketi usoni, polepole, kama anayefunika chungu. "Hapana," akasema. "Hiki kina ufa tangu kiwandani. Changu ni kile cha pembeni."

Wakakishusha. Njia nzima ya kurudi, bila uzito wa kile kioo, fremu ilikuwa inacheza na kunipiga mgongoni. Ndiyo maana nimelalia tumbo.

Mke wangu amerudi nyumbani hajafoka. Amesema tu kwamba nina hadi kesho jioni kumwambia kaka yake ukweli, la sivyo atamwambia yeye, na atasimulia kwa sauti aliyotumia kwenye kikao cha ukoo. Nikamwambia nitasema. Nilimaanisha nitasema kitu.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeibuka na kipaji.

Mbele ya Mama Gereji, Mama Vioo, Shemeji na fundi rangi aliyekuwa anapita, nililizunguka lori taratibu. Nikafumba macho. Nikaweka kiganja kwenye ubavu wake, nikakihamisha, nikakaa kimya. Kisha nikasema kwamba mpira unaoshikilia giaboksi umechanika.

Tukaliinua kwa jeki. Shemeji akaingia chini na tochi. Akasema mpira ni mzima.

Nikahisi maji yamenifika shingoni. Nikamwambia aangalie vizuri. Akaangalia vizuri, akasema ni mzima kabisa. Fundi rangi akacheka, na hakuna kicheko kibaya kama cha mtu asiyehusika. Nikakumbuka mbavu zangu. Nikamwambia achukue mtaimbo aisukume giaboksi kwenda juu, kama inavyoinuka lori likipanda mlima.

Akasukuma. Mpira ukafunguka kama mdomo wa mtu anayepiga miayo.

Shemeji akatoka chini, akajifuta mikono, akaniuliza nimejuaje. Hapa ndipo nilipopaswa kusema ukweli. Mdomo niliufungua, nakiri. Likatoka neno kipaji.

Yeye akatikisa kichwa na kusema, "Hongera, Shemeji. Mimi nisingeupata." Alimaanisha. Nilitamani atukane.

Tumefunga mpira mpya pamoja. Yeye kashika boriti inayobeba giaboksi, mimi nimekaza nati. Tukapakia mawe uzito wa vioo, tukapanda mlima wa posta, Mama Vioo akikanyaga mafuta kwa mguu mwepesi. Gia zikabadilika moja baada ya nyingine na mimi sikusikia kitu ila pumzi ya Mama Vioo. Alikuwa ameishikilia tangu chini ya mlima, na juu akaiachia.

Jioni mke wangu akaniuliza kama nimesema. Nikasema nimesema. Akaniuliza nimesema nini. Nikasema nina usingizi.

Jumamosi, 9 Machi

Vioo vyote vya ukumbi vimefika vizima. Mama Vioo karudi karakana akicheka, mkononi kaniletea kioo kidogo cha kunyolea ndevu, zawadi.

Mama Gereji akatukusanya kutangaza fundi mkuu. Nilikuwa nimevaa ovaroli safi. Nilikuwa nimefunga na kamba za viatu.

Mama Vioo akaomba kusema kwanza. Akasema kabini ya lori lake ina kidirisha nyuma, kidogo tu, na mtu anayeishi kwa vioo hutazama kila kioo kilichopo. Juzi, akasema, aliona blanketi lake likihamisha ubavu. Alidhani ni panya. Kisha, lori liliposimama, panya akapiga chafya akasema samahani.

Nilisema samahani? Kwa nani? Malezi mabaya kabisa.

Karakana yote ikaanguka kwa vicheko. Shemeji alicheka hadi akashikilia mlango wenye kitasa. Halafu akasema jambo ambalo sikulitegemea. Akamwambia Mama Gereji kwamba hata hivyo mimi ndiye niliyeuona ugonjwa, na kwamba yeye asingekubali kulala chini ya vioo kwa cheo chochote duniani.

Mama Gereji akawaza. Akampa Shemeji kiti, kwa sababu kiti kinahitaji mtu anayekaa. Mimi kanipa kazi mpya yenye jina refu: msikilizaji wa magari yenye hitilafu za vipindi. Gari likija na mlio usioeleweka, mimi nitapanda nalo na kusikiliza. Mbele, kasisitiza. Kwenye siti. Nikionekana.

Mke wangu alikuja na gari kutuchukua wote wawili. Mimi na Shemeji tukakaa nyuma kama watoto watukutu, na alipokata kona tulibingirikiana tukacheka tena. Nikamwomba radhi kwa ile kompyuta. Hakuwa anajua habari ya kompyuta. Sasa anajua.

Jumapili, 10 Machi

Mapumziko. Nimetafakari kwa kina juu ya wiki hii, kama anavyopaswa mtu mzima.

Kosa langu lilikuwa moja tu, kidirisha. Nikikaa kwenye siti kama alivyosema Mama Gereji, nitasikia nini? Dereva anapiga soga, redio inaimba. Ukweli wa gari uko sakafuni. Tena kesho linaletwa basi la chuo linalopiga mluzi kwenye kona, na Shemeji kasema atalijaribu mwenyewe kwanza, kabla ya kunishirikisha. Fundi mkuu wa siku moja, tayari ana siri.

Basi hilo lina buti la mizigo ubavuni. Halina kidirisha hata kimoja. Nimekwenda kuliangalia kule chuoni lilipoegeshwa, kisha nimerudi kuchukua utepe wa kupimia wa mke wangu. Kaniuliza napima nini. Nikamwambia pazia.

Akaniuliza pazia gani lina mabega.