Baruti Katika Pembe ya Ugoro

Jumatatu, 7 Agosti 1972

Baridi! Ukungu umelala Giakanja tangu asubuhi. Naandika Kiswahili cha darasa la ngumbaru ili jirani yangu Wakonyo akiliiba daftari hili asielewe kitu. Yeye anajua Kikuyu cha Biblia tu, na hata hicho hukisoma kwa kidole.

Mjukuu wangu Kahiga amekuja na sanduku la chuma kutoka kwa fundi wa bunduki aliyemwajiri Nyeri. Ameliweka juu ya meza yangu ya kumenyea viazi! Ndani kuna mizani ndogo, mashine ya mkono, maganda ya risasi na vibati viwili vya baruti, kimoja chekundu, kimoja kijani. Ati anajijazia mwenyewe risasi za mashindano ya bastola, Jumamosi kule Nanyuki. Nikamwuliza kama amechoka na shingo yake. Akanionyesha karatasi yenye mhuri wa serikali. Nikamwambia wakati wa Imajensi ya mkoloni pia karatasi zilikuwa na mhuri, na zilisema risasi moja ndani ya nyumba ni kitanzi. Akacheka.

Halafu akatoa neno lenyewe. Akishinda, klabu moja ya Nairobi itamwajiri kutunza silaha zao. Atahamia huko.

Kahiga amepewa jina la marehemu babu yake, kwa hiyo namwita mume wangu, ndiyo desturi yetu. Kahiga wa kwanza alikwenda msituni na bunduki, hakurudi. Wa pili haendi popote. Nimekata shauri.

Jumanne, 8 Agosti

Ametumia siku nzima kuchagua baruti. Mimi nilikuwa natoa maharagwe kwenye maganda, masikio wazi. Ati ile nyekundu inatosha kidogo tu, na hapo ndipo hatari ilipo: mkono ukisahau ukajaza mara mbili, ganda bado lina nafasi, hushtuki mpaka bastola ipasuke na vidole vyako. Ya kijani ni nyingi kama pumba. Ukirudia, inamwagika, unaona. Amechagua kijani.

Mtu huchagua kilicho bora. Basi bila kijani hakuna ushindi. Nilipata shule kidogo, lakini akili sikuiacha huko.

Alipokwenda Gatitu kuona rafiki, niliimwaga baruti ya kijani yote ndani ya pembe yangu ya ugoro, maana pembe hiyo haitoki kiunoni mwangu. Na si mara yake ya kwanza kubeba mzigo wa namna hiyo. Kibati nikakitupa chooni. Nitasema ni panya.

Jumatano, 9 Agosti

Nimesema ni panya. Kahiga akauliza kwa upole panya wa Giakanja siku hizi wanabeba vibati vya namna gani. Mtoto mwerevu anachosha.

Asubuhi Wakonyo akaja bila kuitwa. Nilikuwa nimeiweka pembe juu ya kigoda nikichochea moto. Kugeuka, namwona ameshamimina kiganjani na kuvuta, pua zote mbili! Nikangoja. Hakupiga chafya. Akaniangalia kama anayeangalia jeneza, akasema ugoro wangu umekufa, afadhali niuzike kabla haujanuka. Akaondoka zake sokoni, na habari mdomoni.

Ugoro wangu! Nautwanga mwenyewe na magadi. Uliwahi kumpigisha mwinjilisti chafya saba katikati ya sala ya kuombea mvua.

Nilipofika sokoni, wanawake watatu walikuwa wameshanipa pole. Nilivumilia mpaka kwa wauza kabichi. Hapo nikapanda juu ya gunia la viazi nikatangaza kwamba ule haukuwa ugoro, ilikuwa baruti!

Soko likabaki na mbwa. Wakonyo alikimbia ameshika pua, akilia kwamba amejazwa risasi, mtu yeyote mwenye kiko asimsogelee. Nasikia leo amekula viazi baridi kwa kuogopa jiko lake.

Nikashuka guniani, nafsi imetulia. Nyuma yangu alikuwa amesimama Kahiga, na kipande cha sabuni mkononi.

Alhamisi, 10 Agosti

Hakunigombeza. Angenigombeza ningejua la kusema. Aliuliza tu nilijifunza wapi kuficha baruti ndani ya pembe.

Nikamwambia. Sijawahi kumwambia mtu. Mwaka wa hamsini na tatu nilikuwa nampelekea babu yake baruti msituni kwa pembe hii hii. Homgadi, wale askari wa mkoloni, wakinisimamisha nawapa ugoro kutoka pembe nyingine, wanapiga chafya, napita. Bunduki ya mume wangu ilikuwa ya bomba la maji na komeo la mlango. Na kipimo kilikuwa vidole vyangu. Nilimfungia kila kipimo kwenye jani, nikijisifu kwamba mkono wangu haukosei ugoro, hautakosea baruti. Bunduki ilimpasukia siku ya kwanza. Watu wote niliwaambia alipigwa na homgadi. Miaka kumi na tisa.

Kahiga aliisogeza chai yake kando. Kisha akaweka ile mizani mbele yangu, akaniomba nipime ugoro kwa vidole, mara tatu. Nikapima. Sindano ikasimama mahali patatu mbalimbali.

Nimeitazama mikono yangu jioni yote. Niliisifu sana.

Akasema bomba la maji halikuumbwa kwa kazi ile, huenda lingepasuka hata kwa kipimo cha haki. Alisema hayo akiangalia dirishani.

Ile baruti ya pembe imechanganyika na ugoro, haifai. Ameitawanya shambani. Imebaki nyekundu peke yake.

Ijumaa, 11 Agosti

Leo amejaza. Kabla hajaanza aliniomba niwe jicho lake la pili: nichungulie kila ganda kabla hajalifunga. Macho yangu huona chawa kwenye kondoo mweusi, anajua.

Tulikaa mlangoni penye mwanga, maganda yamesimama safu. Mara Wakonyo akapaza sauti kutoka barabarani, akiuliza kama nyumba ya Watiri, ndiyo mimi, bado ina paa. Kahiga akageuka kumjibu kwa heshima. Aliporudi akaendelea. Nikachungulia. Baruti ya ganda moja ilikuwa imepanda kuliko ya wenzake.

Ningependa kuandika kwamba nilisema papo hapo. Lakini nilivuta pumzi moja, na ndani yake nikaona Jumamosi bila ushindi na Kahiga nyumbani kwangu. Halafu nikaona bomba la maji. Nikapiga kelele, mume wangu, acha!

Akapima. Lilikuwa limejazwa mara mbili. Akalimwaga, akalijaza upya. Tulikunywa chai bila sukari, na hakuna aliyegundua mpaka kikombe cha pili.

Jumamosi, 12 Agosti

Ameshinda! Kikombe chenyewe ni kidogo, hakitoshi uji wa mtoto.

Ati baruti nyekundu haijali baridi, risasi zote zilikwenda mahali pamoja. Ile ya kijani, kwa ukungu huu, ingemweka wa nne. Alikuwa radhi awe wa nne mwenye vidole vyote. Kwa hiyo ningekiacha kibati mahali pake, angeshindwa bila msaada wangu! Nimeandika sentensi hiyo na sitaisoma tena.

Jumapili, 13 Agosti

Kanisani nimeshukuru kwa sauti, Wakonyo asikie. Kisha nikawaza muda wote wa mahubiri. Kahiga wa kwanza aliondoka alfajiri bila kuniaga. Huyu ananiaga tangu Jumatatu. Sio kitu kimoja. Mtu akienda kwa mlango wa mbele amekwenda, hajapotea. Hilo nimelielewa, na mwalimu wa ngumbaru akitaka nitamfundisha.

Kahiga anatakiwa Nairobi tarehe mosi. Kwanza lazima alifungue sanduku mbele ya fundi wake na kurudisha kila kitu, la sivyo haachiliwi. Ufunguo amenipa mimi niuweke, ati hamwamini mtu mwingine. Nililia kidogo.

Nimeuweka vizuri. Uko ndani ya pembe, chini kabisa, na ugoro mpya juu yake. Akiuliza, panya.

Naona kitambaa cha Wakonyo langoni. Amesikia ugoro wangu umefufuka, amekuja na kiganja wazi.