Lori la Sebuleni

"Sikieni hii!" Redio alipaza sauti kabla hata hajakaa, simu kaiinua juu kama mtu anayenadi shati. "Kijana kashinda gari jipya kwa kucheza gemu! Gari la kweli, lenye matairi!"

Benchi lilikuwa nje ya duka la kunyoa, na wenyewe walijulikana. Redio aliuza viatu vya mitumba pamoja na habari zisizoulizwa. Mkasi, mwenye duka, alikuwa mtu wa kubishia hata jina lake. Risasi hakuitwa hivyo kwa ubabe. Alitengeneza kompyuta, na risasi yenyewe ni ile ya kulehemu. Mwisho wa benchi alikaa Tela, dereva wa malori ya masafa marefu tangu ujana wake. Tangu daktari wa macho amkataze usukani, kahawa alikuwa anainywa kama dawa.

"Uongo," alisema Mkasi. "Gari kwa kukaa kitini? Basi mimi ninayesimama kutwa nipewe meli."

"Rubani naye si anakaa kitini?" Redio akauliza.

"Anakaa kitini angani, bwana! Hapo umeona tofauti?"

Tela akakohoa. "Na mimi naunda kompyuta ya gemu."

Benchi zima likamgeukia.

"Kuna gemu la malori," aliendelea, macho kwenye kikombe. "Mizigo, milima, mizani, mpaka foleni. Usukani nimeshanunua. Kompyuta alinipa mkwe wangu. Imebaki kadi ya picha na pawa saplai."

"Jamani!" Mkasi alijipiga paja. "Mzee wa watu anarudi utotoni na meno bado anayo!"

Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika, na Tela akacheka nao. Hakuwaambia kwamba kila asubuhi aliamka mapema kama mtu wa safari, akavaa viatu, akafunga kamba, ndipo akakumbuka hana pa kwenda. Mkewe alimkuta hivyo ukingoni mwa kitanda, akafanya kama hakuona.

"Basi chukua kadi kubwa kuliko zote," alisema Redio. "Dume zima hulinunulii kadi ndogo."

"Na pawa saplai chukua yoyote," Mkasi akadakia. "Kazi yake kuingiza umeme tu. Hata mlango unaingiza watu, nani anauliza bei ya mlango?"

Risasi akaweka kikombe chini. "Mzee, usiwasikilize hawa. Kadi inachora picha, sawa, lakini pawa saplai ndiyo inayoilisha. Kadi kubwa ikichemka inakula umeme kama mgeni asiyejua kuaga. Kwa gemu lako kadi ya kati inatosha. Nguvu iweke kwenye pawa saplai ya kuaminika, yenye wati za kubakiza."

"Mbona kuna moja pale sokoni, rahisi, imeandikwa wati mia saba na hamsini?" Redio aliuliza.

"Karatasi haikatai wino. Ile iinue uone. Nyepesi kama mkate. Ndani hamna kitu."

Tela alijua kijana anasema kweli. Lakini neno "kati" lilimchoma. "Nimevuta tani arobaini mlimani," alisema, "leo nianze kuvuta kadi ya kati?"

Akanunua kadi kubwa, na pawa saplai nyepesi kama mkate.

Siku ya kuiwasha, benchi lilihamia sebuleni kwake. Kadi ilikuwa ndefu hata kompyuta ikagoma kufungwa ubavu. Lakini gemu lilipofunguka, mabishano yalikatika. Kulikuwa na mvua, kioo kinafutwa, barabara inang'aa mbele. Tela alishika usukani wa plastiki, na mabega yake yakashuka.

"Mlima huo!" Redio akapiga kelele.

"Nimeuona kabla hujazaliwa."

Lori likaanza kupanda. Ukungu ukashuka, miti ikazidi, feni za kompyuta zikalia kama nyuki waliochokozwa. Halafu: tap! Kioo cheusi. Harufu ya kuungua ikajaa sebule. Risasi akarukia swichi ya ukutani.

Tela bado alikuwa amekanyaga breki, kwa nguvu zote. Ule weusi ndio aliokuwa akiuogopa tangu siku ile kwa daktari.

"Hata hili limenikataa," alisema taratibu.

Hakuna aliyecheka. Risasi aliifungua kompyuta, akanusa, akaangaza tochi. "Pawa saplai imekufa, mzee, lakini imekufa peke yake. Kadi ni nzima. Hujakataliwa wewe. Ulipakia kupita kiasi."

"Kosa la dereva hilo," Tela alikiri, akavuta pumzi. "Nipeleke dukani."

Kadi kubwa walibadilisha kwa ya kati, wakapata na pawa saplai nzito kama tofali. Redio, mwenye hatia usoni, aliibeba begani mwenyewe.

"Mimi nilisema tangu mwanzo nzito ndiyo nzuri," alisema Mkasi.

"Ulisema yoyote!"

"Nzito si imo katika yoyote?"

Safari hii mlima ulipandika. Ukungu ulikuja ukapita, feni zikavuma kwa adabu, na lori likatokea upande wa pili kwenye jua. Wote wakasimama kushangilia. Mmoja anataka alipite basi, mwingine anadai kona imekatwa vibaya.

Mke wa Tela akatokea mlangoni, kavaa nguo ya kutokea. "Dereva haongeleshwi. Tokeni nje nyote."

Wakatoka wakisukumana, kila mmoja akimlaumu mwenzake kwa kelele. Mama akavuta kiti, akakaa kando ya mumewe, mkoba mapajani.

"Umezunguka dunia, bwana, hukunichukua hata safari moja."

"Barabara zilikuwa mbaya."

"Hii naiona nzuri. Haya, twende."

Tela akatia gia. Mashamba yakapita, daraja likapita. Alimwonyesha mkewe jinsi ya kusoma mteremko, naye alisikiliza, mpaka walipofika kituo cha mafuta.

"Na huyo aliyesimama pale na gauni jekundu, mbona anakuangalia?"

"Mke wangu, huyo ni picha tu."

"Nyie madereva, mkiulizwa, wote ni picha tu. Endesha!"